Draiva zimo kwenye flashi, lakini kisakinishi cha Windows hakioni diski

MwalimuTehama

Habari za kazi, wanajukwaa. Ninafundisha TEHAMA katika shule ya sekondari iliyo mbali na mji, na nimekabidhiwa laptopu 24 za maabara, zote za aina moja, zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 na diski ya NVMe (aina ya SSD yenye kasi). Zimetumika kwingine kabla ya kutufikia na diski zake zilifutwa, isipokuwa moja ambayo nadhani ilisahaulika, maana Windows yake bado nzima. Intaneti tuliyo nayo ni bando la simu yangu, kwa hiyo siwezi kutegemea Windows Update inimalizie kazi. Nataka flashi moja ambayo nikiichomeka, Windows 11 Pro inaingia pamoja na draiva (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa) za Wi-Fi, sauti, kadi ya picha na padi ya kugusa, bila kupakua chochote.

Katika ile laptopu iliyosahaulika nilitoa draiva zote kwa amri hii ya dism, zana ya Windows ya kurekebisha imeji zake:

dism /Online /Export-Driver /Destination:E:\draiva

Kisha, kwenye kompyuta ya ofisini, nilifungua install.wim (faili la usakinishaji lenye Windows yenyewe) katika folda tupu, nikaingiza draiva zote kwa /Add-Driver na /Recurse, nikafunga kwa /Commit. Nilihakikisha kwa /Get-Drivers na nikaziona zimejipanga kuanzia oem0.inf. Hata hivyo, laptopu inapowaka kwa flashi hiyo na kufika mahali pa kuchagua diski, orodha ni tupu kabisa. Padi ya kugusa nayo imekufa, nalazimika kutumia kipanya cha USB. Ikiwa draiva zimo ndani, kwa nini kisakinishi hakizitumii?

FundiKiraka

Mwalimu, kazi uliyofanya ni sahihi, ila umeifanya upande mmoja tu. Katika flashi yako kuna Windows mbili. Ya kwanza imo ndani ya boot.wim: ni Windows ndogo inayopakiwa kwenye RAM laptopu inapowaka kwa flashi, na ndiyo inayokuonyesha kurasa za usakinishaji. Ya pili, install.wim, ni ile itakayokaa kwenye diski. Umemkabidhi funguo mpangaji atakayehamia kesho, wakati fundi anayepaswa kufanya kazi leo amefungiwa nje.

Diski haionekani kwa sababu laptopu nyingi za kizazi cha 11 hutoka kiwandani zikiwa na VMD (Volume Management Device ya Intel) imewashwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya laptopu. VMD huiweka diski ya NVMe nyuma ya kidhibiti cha Intel, na kisakinishi kisicho na draiva ya kidhibiti hicho hakina njia ya kuifikia. Draiva hiyo kwa kawaida huwa kwenye faili la iaStorVD.inf, na lazima iingie boot.wim pia.

Lakini usikimbilie kutengeneza flashi upya, ijaribu kwanza. Ukiwa kwenye ukurasa wa kisakinishi bonyeza Shift+F10, dirisha jeusi la amri litafunguka, kisha andika:

drvload C:\draiva\(folda yake)\iaStorVD.inf

Halafu ingia diskpart (zana ya kusimamia diski) na uandike list disk. Zingatia kwamba humo ndani herufi za diski hubadilika. Flashi iliyokuwa E: ofisini inaweza kuwa C: hapo. Diski ikijitokeza, umepata draiva yenyewe na kilichobaki ni kuiingiza:

dism /Mount-Wim /WimFile:D:\kazi\sources\boot.wim /Index:2 /MountDir:D:\tupu
dism /Image:D:\tupu /Add-Driver /Driver:D:\vmd /Recurse
dism /Unmount-Wim /MountDir:D:\tupu /Commit

D:\vmd ni folda uliyonakilia draiva ya VMD peke yake. Faili la .wim hubeba imeji kadhaa zenye namba, yaani indeksi; ya 2 ndiyo yenye kisakinishi. Ya 1 ni mazingira matupu ya WinPE (Windows ndogo ya kuwashia), na watu wengi huingiza draiva huko kisha wakashangaa kwa nini hakuna kilichobadilika. Ukikataliwa kwa kosa 0xc1510111, maana yake faili bado lina alama ya kusomwa tu iliyotoka kwenye ISO (faili la Windows ulilopakua). Iondoe kwa attrib -r. Pia funga dirisha lolote la Explorer lililo wazi ndani ya folda ile kabla ya kutoa amri ya mwisho, la sivyo itagoma.

Usimwage draiva zako zote kwenye boot.wim. Windows hiyo haihitaji sauti wala kadi ya picha, na kila unachoongeza kinakula RAM na kuchelewesha kuwaka. Draiva ya diski inatosha. Ya mtandao ungeihitaji kama ungekuwa unavuta imeji kutoka kwenye seva.

BinSeva

Kwa heshima zote, mkuu, huo ni mzunguko mrefu. Aingie BIOS, azime VMD, diski itaonekana mara moja kwa draiva ya NVMe iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Laptopu 24 ni kazi ya asubuhi moja.

FundiKiraka

Ndugu BinSeva, njia hiyo inafanya kazi, na kwa kompyuta moja hata mimi huitumia. Wasiwasi wangu ni siku ambayo BIOS itarudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani, labda kwa mkono wa mwanafunzi mdadisi. VMD itajiwasha, na Windows iliyosakinishwa bila draiva yake itakutana na skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Mwalimu atadhani diski imekufa. Mimi ningeiacha VMD kama ilivyo na kuweka draiva kote kuwili.

MwalimuTehama

Nashukuruni nyote. Jaribio la kwanza la drvload halikufaulu, na kosa lilikuwa langu: kati ya folda nilizotoa kuna kadhaa zinazoanza na iastor, nami nikachukua ya juu kabisa bila kuitazama, diskpart ikabaki tupu. Ningependa kujua namna ya kuitambua iliyo sahihi pasipo kubahatisha, kwani hapo kwenye kisakinishi hakuna Device Manager.

FundiKiraka

Katika dirisha lilelile la amri andika:

reg query HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Enum\PCI

Utaona vitambulisho vya vifaa vyote vilivyo kwenye ubao. Kwa prosesa nyingi za kizazi cha 11 za laptopu, VMD ni VEN_8086&DEV_9A0B. Fungua kila faili la .inf kwa Notepad na utafute DEV_9A0B; lisilo na maandishi hayo halikuhusu, hata jina lake lifanane vipi.

MwalimuTehama

Nimelipata kwenye folda ya tatu. Nilipoandika drvload na kurudia list disk, Disk 0 ikatokea na ukubwa wa GB 238, nikapiga meza kwa furaha hadi mlinzi akachungulia. Boot.wim nimeirekebisha indeksi ya 2, imefungwa bila tatizo.

Sasa kuna jipya: baada ya kuingiza draiva, install.wim imezidi GB 4 na flashi ya FAT32 inaikataa. Nikiifomati kwa NTFS, laptopu haiitambui kama flashi ya kuwashia.

BinSeva

Hilo niachie mimi. FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, na laptopu nyingi zinazowaka kwa UEFI (mfumo wa kisasa uliochukua nafasi ya BIOS ya zamani) husoma FAT32 pekee. Ligawe:

dism /Split-Image /ImageFile:D:\kazi\sources\install.wim /SWMFile:D:\kazi\sources\install.swm /FileSize:3800

Ondoa install.wim kwenye folda hiyo, kisha nakili kila kitu kwenye flashi. Kisakinishi kitayakuta mafaili ya .swm na kuyaunganisha chenyewe. Ile install.wim nzima usiitupe, ihifadhi kwenye diski ya ofisini, kwa sababu huwezi kuingiza draiva kwenye mafaili yaliyogawanywa. Siku ukiletewa laptopu za aina nyingine utairudia hiyo nzima, uongeze draiva, ugawe tena.

Halafu hakikisha indeksi uliyorekebisha ndani ya install.wim ni ya Pro. Ndani yake kuna matoleo mengi, na draiva zinaingia kwenye lile tu ulilofungua. Amri ya dism /Get-WimInfo itakuonyesha orodha.

MwalimuTehama

Nimeangalia: Pro ni indeksi ya 6, na ndiyo niliyokuwa nimeifungua. Imegawanyika mafaili mawili. Laptopu tatu zimekwisha tangu saa nane mchana. Wi-Fi, sauti na padi ya kugusa vyote vipo mara tu Windows inapofunguka, na simu yangu haijatoka mfukoni. Wakati wa usakinishaji padi bado haifanyi kazi, kwa kuwa draiva yake sikuiweka kwenye boot.wim, lakini kipanya kimoja cha USB nitakihamisha kutoka laptopu moja hadi nyingine. Zimebaki 21.