MREJESHO: Kisu cha McNaughton cha mtumba nimekichukua

Wakuu, heshima kwenu. Ni mimi wa Moshi niliyeuliza kama inafaa kununua mtumba wa McNaughton, vile visu vya kupinda vya mashine ya kukereza mbao, vinavyotoa bakuli dogo ndani ya kubwa badala ya katikati yote kuishia kuwa maranda ya kuku.

Nimechukua. Uliyeniambia nipime unene wa mguu wa kishikilia kisu (unaoingia kwenye tundu la mashine) kabla ya kulipa, ubarikiwe sana: ulikuwa mwembamba kuliko tundu la mashine yangu. Nikaombea punguzo hapohapo, fundi chuma akanichongea bushi (kipande cha bomba cha kuziba nafasi), sasa mguu umekaa hauchezi.

Ushauri wa kutumia mti mbichi na kuzungusha mashine pole pole nao umefanya kazi. Gogo la mjakaranda lilikubali vizuri. Ila lazima uvute kisu nje kila mara maranda yatoke. Ukikaidi yanajazana kwenye mfereji, kisu kinabanwa, mkanda unapiga kelele na kunuka mpira wa kuungua.

Kisu kikubwa bado kinanishinda. Kikizama sana kinatetema, ncha inaacha njia na mota yangu ya hp 1 inazima. Mkuu uliyesema tatizo ni makali butu, nimenoa, hali ni ileile. Kwa sasa natumia vidogo tu mpaka nipate mota kubwa.

Mabakuli nimeyaacha na unene wa kama sehemu ya kumi ya upana wake, nikayapaka nta, yako chini ya kitanda (mama watoto ananuna). Lililobaki na moyo wa mti limepasuka. Mengine yanakauka salama. Asanteni sana.