Mjadala: Mtoto anakohoa, auziwe antibayotiki bila cheti cha daktari?

Kuna wanaotaka marufuku kamili kwa sababu ya usugu wa bakteria, yaani bakteria kuzoea dawa hadi zisiwaue tena. Kuna wanaojibu kwamba marufuku itawaua watoto ambao daktari yuko mbali nao. Mimi nauliza jambo linalotangulia cheti: nani amemwangalia huyo mtoto?

Usugu umeshafika, tusiuzungumzie kama jambo la kesho. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa mwaka 2019 bakteria sugu walisababisha moja kwa moja vifo vya watu wapatao milioni 1.27, na kati ya kila watano mmoja alikuwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Mafua na vikohozi vingi vya watoto huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Inachofanya ni kuua bakteria dhaifu waliomo mwilini na kuwaachia nafasi walio sugu. Hao hukaa puani na kooni, kisha humfikia mdogo wake na mtoto wa jirani. Kwa hiyo wanaosema "mtoto ni wangu, dawa nimenunua mwenyewe" hawanishawishi.

Lakini nimonia nayo haisubiri. Mwaka huohuo wa 2019 iliua zaidi ya watoto 740,000 wa chini ya miaka mitano, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani. Mtoto wa namna hiyo akinyimwa antibayotiki ya amoksilini usiku kwa kukosa karatasi, tumemlinda nani?

Hoja yangu: asiuziwe mtu kabla pumzi za mtoto hazijahesabiwa. Mtoto awe ametulia, zihesabiwe kwa dakika nzima. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni kupumua haraka. Mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Kifua kinabonyea anapovuta pumzi? Hiyo pia ni dalili ya nimonia. Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea asiye na fahamu vizuri, huyo ni wa hospitali mara moja, na vivyo hivyo kichanga wa chini ya miezi miwili anayepumua haraka. Wahudumu wa afya wa jamii katika nchi nyingi wanafanya kazi hii, na si madaktari. (Chanjo ya nimokokasi, bakteria wanaoleta nimonia, nayo ipewe uzito, maana mtoto asiyeugua hahitaji dozi.)

Najua pingamizi kubwa: muuzaji anaishi kwa kuuza, atahesabu 38 aandike 45. Ni kweli, na ndiyo sehemu dhaifu ya hoja yangu. Ningependa alipwe kwa kumpima mtoto, auze asiuze, na rekodi zake zikaguliwe.

Mnaotaka marufuku, nijibuni: pale ambapo zahanati imefungwa, nani atahesabu pumzi? Na mnaotaka uhuru wa kununua: mtakubali kurudishwa nyumbani na maji ya kunywa na dawa ya homa tu, mtoto akikutwa na pumzi 30?