MREJESHO: Namba changamano zangu kwenye C zilikuwa zinapoteza usahihi, nimeligundua tatizo

Wakuu habari za jioni toka huku Nyegezi Mwanza. Wiki iliyopita niliuliza mbona programu yangu ya C inanipa jibu bovu, natafuta vipeuo vya z² + bz + c (thamani za z zinazoifanya iwe sifuri) kwa csqrt ya complex.h (function ya C ya kutafuta square root ya namba changamano, zile za a + bi), nikiweka b = 100000000 na c = 1 kipeuo kidogo kinatoka -0.00000000745 wakati inatakiwa iwe karibu sana na -0.00000001, yani kosa la robo nzima!

Wengi mlisema nihame float (aina ya namba yenye tarakimu chache) niende double, kumbe nilikuwa double tayari, ile ya tarakimu 15 hadi 16. Shida ni kutoa. Kanuni ya kawaida ni (-b + √(b² - 4c))/2, na hiyo square root ya b² - 4c inakaribia kulingana na b yenyewe, sasa ukitoa namba mbili zinazofanana hivyo zile tarakimu nzuri zinafutana zote unabaki na makombo.

Aliyeniambia nisitoe kabisa Mungu ambariki sana. Unachukua s = csqrt(b*b - 4*c), ukikuta creal(conj(b)*s) (sehemu halisi ya s mara b iliyogeuzwa alama ya sehemu ya i) ni hasi unageuza alama ya s, halafu q = -(b + s)/2, kipeuo cha kwanza ni q chenyewe na cha pili ni c/q (b na c zote zikiwa sifuri, rudisha sifuri tu). Nimeijaribu jana usiku umeme uliporudi, imetoka -0.00000001 safi, nimefurahi mno.

Na kwenye printf mchapishe kwa %.17g (tarakimu 17) jamani, %f inayoishia desimali sita ilinionyesha -0.000000 siku mbili nzima.