Eti "Mzee, Simu Haidanganyi, Nenda Kanywe Kahawa"!

Pondo
Nahodha mwenyewe simtaji. Kila mtu wa Amu (Lamu) anamjua: boti nyeupe, miwani ya jua hata usiku, simu mbili kifuani kama nishani za jenerali. Leo saa tatu u nusu asubuhi, gatini, mbele ya abiria waliokwisha kukaa, amemwambia mzee aliyeshika usukani tangu safari za Faza, kisiwani Pate, zilipokuwa za tanga: "Mzee, simu haidanganyi. Nenda kanywe kahawa."

Kanywe kahawa!

Mzee alikuwa amesema nini? Maneno ya kuhesabika: "Mwanangu, leo mwezi kumi na tano. Saa hizi maji yanatoka. Ukiingia Mkanda, mlango wa bahari kati ya Manda na bara, utakaa kwenye tope. Ngoja alasiri." Basi. Wala hakupaza sauti. Jamaa akainua simu juu kama refa anayetoa kadi nyekundu, akawasomea watu: maji yanajaa saa nne. Mwezi kumi na tano, maji yajae saa nne asubuhi! Paka wa gatini wanajua kwamba siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, saa nne pwani ni kavu mpaka unaweza kuchezea mpira.

Saa nne na robo abiria wanapiga simu wamekwama katikati ya Mkanda. Tope kulia, tope kushoto, kaa wametoka mashimoni wanawahesabu. Kuna mama ndani amebeba dawa ya sukari inayotaka baridi. Na bado yule bwana anawaonyesha kioo: "Hapa inasema maji yamejaa."

Tope huoshwa likatoka. Kahawa je? Unamwambia mtu wa umri wa babako akanywe kahawa, mbele za watu, kwa sababu kitu cha mfukoni kimekusomea namba? Nenda kanywe kahawa! Sijalala mchana kwa neno hili.

MwanaAmu
Yeo hiyo hiyo, watu waliokuwako wamethibitisha. Mai hayangoji simu. Mzee aombwe radhi pale pale gatini, si pembeni.

Bamvua15
Hesabu yenyewe haitaki chaji. Tarehe 1 na 15 za mwezi wa angani, pwani yetu maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Mwezi 4 ni siku tatu mbele, dakika 150, kwa hiyo kwenye saa kumi na mbili u nusu. Mwezi 8 ni siku saba mbele, dakika 350, karibu saa sita kamili, unafika saa nne. Kwa maneno mengine, "saa nne" ni jibu la mwezi 8, na mwezi 8 ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Hata asiyejua bahari aliyeutazama mwezi jana usiku, mviringo kama sinia, angejua namba ile haiwezi kuwa ya leo.

Na abiria wasitarajie kuelea mara tu maji yakianza kugeuka. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Tuseme tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3. Saa ya kwanza yanapanda sentimita 25, ya pili 50, ya tatu 75, ya nne 75, ya tano 50, ya sita 25. Aliyekwama maji yakikaribia chini kabisa, saa ya kwanza yakigeuka atayaona yakipanda kidogo tu.

SaaSita
Naomba niseme jambo ambalo Pondo hatalipenda. Simu haikudanganya.

Simu iliandika 4:00. Hiyo ni saa kumi yetu, alfajiri au alasiri. Yeye akaisoma "saa nne". Kosa la saa sita. Kwa shughuli nyingine ungechelewa ukacheka, lakini bahari hujaa na kupwa kila baada ya saa sita na kidogo, kwa hiyo hapa hakuna kosa baya kuliko hili: kila "maji yamejaa" linageuka "maji yamekupwa". Halikukosea kidogo, limepinduka.

Ndiyo maana namba ya kwenye kioo lazima ulinganishe na kitu cha pili kisichotoka kwenye kioo hicho hicho. Mwezi. Mstari wa maji kwenye nguzo za gati. Mzee. Alikuwa nazo zote tatu mbele yake.

Pondo
Sasa mnamtetea! Simu imesema kweli, haya, ikapewe zawadi. NANI ALISEMA "NENDA KANYWE KAHAWA"? Simu?

ChungaBildi
SaaSita, kuna jingine. Waliokaa naye karibu wanasema haikuwa jedwali la maji, ilikuwa mazungumzo. Aliiuliza akili mnemba kwa Kiswahili, "Maji yanajaa saa ngapi Mkanda?", ikamjibu kwa sentensi nzuri zenye adabu. Programu za namna hiyo zinaunganisha maneno yanayoelekea kufuatana. Isipokwenda kulifungua jedwali lenyewe, inatunga saa inayofanana na saa. Na ukiiuliza kwa Kiswahili, hujui "saa 4" yake ni ya Kiswahili au ya Kizungu. Njia ya kuijaribu: iulize swali lile lile mara tatu kwa maneno tofauti. Ikitoa saa tatu tofauti, funga. Ikitoa saa moja, bado nenda kwenye jedwali.

Na hata jedwali lina mitego. Angalia kituo: kama ni Kilindini (Mombasa) au Lamu hakuna tofauti kubwa, lakini programu nyingine huchukua kituo cha nchi ya mbali bila kukuambia. Angalia kama saa ni za Afrika Mashariki au za Greenwich, tofauti ni saa 3. Angalia kama ni mita au futi. Na ile 1.2 unayoiona si kina cha maji chini ya boti. Ni kimo juu ya maji ya chini kabisa. Fungu la mchanga linalochomoza mita 0.5 maji yakikupwa hivyo, kimo kikiwa 1.2, juu yake una mita 0.7 tu. Boti iliyojaa watu, pamoja na mguu wa mashine, ikitaka 0.8, umepanda.

Ramani ya setilaiti nayo: kile kitone cha buluu kinajua ulipo, hakijui fungu limehamia wapi tangu picha ipigwe. Ndiyo kazi ya bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina, na pondo, ule mti wa kusukumia chombo.

FundiMashine
Mimi nasikitikia mashine. Najua atakachofanya: ataongeza moto atoke kwa nguvu. Tope linaingia kwenye matundu ya kupozea, mpira wa pampu ya maji unazunguka mkavu, unaungua kwa dakika chache. Dalili: ule uzi wa maji unaotoka nyuma ya mashine unapungua, halafu unakatika, halafu mvuke. Ukiona umekatika zima hapo hapo.

Namna ya kufanya: zima, inua mashine, hamisha watu waende upande ulioko kwenye maji mengi, sukuma kwa pondo kurudi ulikotoka, si mbele. Isipotoka, mtu ashuke na nanga aitie kwenye maji ya kina nyuma, kamba ikazwe, msubiri maji. Ukishaelea, zibua matundu kwa waya mwembamba kabla ya kuwasha.

Pondo
Fundi, shukrani, lakini hapa tunazungumzia mtu mzima kuambiwa akanywe kahawa.

KibaoChaMbuzi
Pondo, umeandika "kahawa" mara ngapi? Mzee mwenyewe ameshakunywa viwili na halua juu yake, yuko barazani anacheza bao. Wewe ndiye unayetetemeka.

AsriMapema
Boti inakwama kwa muda tu. Programu za sala zinawakwamisha watu mwezi mzima na hakuna anayefungua uzi! Vijana wanapakua, wanakubali mipangilio iliyokuja nayo, hawafungui hata ukurasa wa pili. Alfajiri ya jua likiwa nyuzi 15 chini ya upeo na ile ya nyuzi 18 huku kwetu zinatofautiana kama dakika 12. Katika Ramadhani hizo dakika 12 mtu anakula daku huku muadhini ameshamaliza. Na Alasiri: ikiwekwa kwa madhehebu ya Hanafi inachelewa kama saa nzima. Sisi ni Shafi, kivuli kikilingana na kitu, ukiondoa kile cha adhuhuri, wakati umeingia. Kijiti na jua vinatosha kuisahihisha simu.

TuktukMalindi
Nyinyi wa Amu mna raha. Malindi mteja anashuka, anakuonyesha meseji ya malipo kwenye simu YAKE, imeandikwa vizuri mpaka nukta, anaondoka. Meseji ya kweli inaingia kwenye simu yako. Na hata ikiingia kwako, tazama imetoka kwa nani: ikitoka kwa namba ya kawaida yenye tarakimu, ni mtu amekaa akaiandika. Kisha ingia mwenyewe uangalie salio. Salio halijapanda, tuktuk isiondoke. Wenzetu wangapi wanaangalia salio? Wanaangalia maandishi mazuri.

KibaoChaMbuzi
Sasa uzi umefika Malindi. Kesho Mombasa.

AsriMapema
Turudi kwenye sala. Kibla cha simu nacho! Watu wanaelekea ukutani kwa sababu mshale umesema. Mifuniko ya simu yenye sumaku, ile inayojifunga, inaizungusha dira ovyo. Spika ya redio karibu, vilevile. Mashine ya boti ndiyo usiseme.

MwanaAmu
Kwa hiyo mfuniko wa sumaku nautoa, au nageuza simu tu?

AsriMapema
Utoe. Kaa mbali na chuma, zungusha simu hewani kwa umbo la namba 8 mara kadhaa, kisha linganisha na mihirabu ya msikiti wa karibu. Kutoka Amu kibla ni kaskazini, kinapinda magharibi kama nyuzi mbili u nusu tu. Mshale ukikuonyesha bahari ya mashariki, usiufuate.

SaaSita
Na ipo njia isiyotaka simu kabisa. Tarehe 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana, na 16 Julai saa sita na dakika 27, jua linakuwa juu ya Kaaba moja kwa moja. Saa zetu na za Makka ni sawa. Simamisha kijiti wima, kivuli kikianguka, kibla ni upande wa pili wa kivuli.

MwanaAmu
Dakika 18 hizo ni saa sita yetu au ya simu?

SaaSita
Yetu. Kwenye simu itaandikwa 12:18.