Tulipu zilichanua mwaka wa kwanza tu, sasa ni majani matupu

mpenda_maua: Wakuu habari zenu. Mwaka juzi nilipanda vitunguu 40 vya tulipu, vikachanua vyote hadi raha, mwaka jana yakatoka maua kama tisa, mwaka huu kila kimoja jani moja pana, basi. Mbolea naweka, maji namwagilia hata kiangazi chote. Nakosea wapi?

jembe_butu: Hayo maji ya kiangazi ndo yanakuponza mkuu. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, baridi kali na kiangazi kikavu, kitunguu kikishalala hakitaki kubughudhiwa na unyevu. Halafu kile ulichopanda hakipo tena ujue, kikishachanua kinaisha chote kinaacha watoto, na mtoto mdogo hana nguvu ya kutoa ua, ndo hilo jani moja. Kazi ni kuwanenepesha hao watoto. Majani ulikata lini?

mpenda_maua: Mara tu ua liliponyauka 🙈 yalikuwa yanachafua bustani

jembe_butu: Umewanyima chakula! Kata kichwa cha ua tu kisifunge mbegu, majani yaache wiki 6 hivi mpaka yawe ya manjano yenyewe. Yanaudhi macho kweli, panda kitu kingine mbele yake kiyafiche.

Bibi Kokoto: Na aina pia jamani. Zile za madoido, petali zimechanikachanika, mimi nazihesabu za msimu mmoja. Zinazorudi vizuri ni Darwin Hybrid kama Apeldoorn, au zile fupi za porini, Tulipa tarda na clusiana, hizo zinajiongeza zenyewe. Chimbia sm 20, ukipanda juujuu kitunguu kinagawanyika upesi, na udongo wa mfinyanzi lazima uchanganye kokoto la sivyo vinaoza.

jua_kali: Sisi wa joto tusidanganyane, bila wiki 12 mpaka 16 za baridi chini ya nyuzi 9 hupati kitu, ni friji kila mwaka. Ila msiviweke na maapulo, gesi ya matunda yanayoiva inaua ua likiwa bado ndani ya kitunguu, mimi nimepoteza msimu mzima hivyo.

mpenda_maua: Sasa hivi vya jani moja nitupe?

Bibi Kokoto: Usitupe mwanangu. Majani yakikauka ving'oe, weka pakavu penye hewa, baridi ikikaribia panda tena vikubwa mbele, vidogo kona ya nyuma vikue miaka miwili mitatu. Na hilo bomba la maji lifunge 😄