Naomba ushauri: gitaa langu halina roho

Wakuu, heshima kwenu, na wakubwa shikamooni. Nina miaka minne napiga gitaa la solo. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe za enzi za Morogoro Jazz nazikopi noti kwa noti, na mapigo siyakosi. Lakini juzi baada ya mazoezi mzee mmoja mpiga besi aliniambia: "Mwanangu, vidole vinafanya kazi, ila hujasema kitu." Maneno yale yameniingia, maana najua ni kweli.

Nikimsikiliza Mbaraka, gitaa linajibizana na sauti yake kama watu wawili wanaoongea. Dr. Nico wa Kongo naye aliiacha noti ilie mpaka mwisho. B.B. King wa Marekani aliutikisa uzi mmoja tu na moyo ukashtuka. Mimi nikinyamaza kidogo naona nimepotea, najaza haraka.

Wenye uzoefu, hili linafundishika? Kuna aliyenishauri niimbe kwanza kila ninachotaka kupiga. Mwingine anasema niache kukopi kabisa kwa muda. Ninyi mlianzia wapi? Na hasa, mlijizoezaje kunyamaza katikati ya solo?