Naomba ushauri: nataka kugeuza mashairi yangu kuwa video, nianzie wapi?

Mtunzi wa Tandika

Ndugu wanajamvi, salaam.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikitunga mashairi ya arudhi, yaani yenye vina na mizani, pamoja na hadithi fupi chache, na wasomaji wangu wamekuwa ndugu na majirani. Nimeona kwamba vijana wa nyumbani, ambao hawafungui kitabu cha ushairi hata kikiwekwa mezani, husimama na kusikiliza pale shairi linapoghaniwa kwenye simu. Jambo hilo limenigusa, nami ninataka kuwafikia huko waliko.

Ninakusudia kuanza na tarbia, yaani shairi la mishororo minne kwa kila ubeti, ya beti saba inayomhusu mama mchuuzi anayevuka kwa pantoni kutoka Kigamboni kwenda kununua samaki katika soko la Feri. Mishororo yake miwili ya kwanza ni hii:

*Usiku bado mzito, beseni langu kichwani,*
*Nyuma namwacha mtoto, amelala kitandani.*

Nina simu janja ya kawaida, sina kompyuta, wala sijawahi kuhariri video. Mpango wangu ni kutafuta picha ya kila kinachotajwa, yaani usiku, beseni, mtoto na kitanda, kisha nisome shairi juu ya picha hizo. Je, mpango huu unafaa? Aidha, shairi hili lilikwisha kuchapishwa katika diwani ya pamoja, yaani kitabu cha mashairi ya watunzi kadhaa, hivyo ningependa kujua kama bado nina haki ya kulitumia.

Fundi Sauti

Ndugu Mtunzi, ushauri wangu mkubwa kwako ni kwamba uanze na sauti, tena uikamilishe kabisa kabla ya kugusa picha yoyote. Mtazamaji huivumilia picha yenye kasoro kidogo, lakini sauti inayovuma au inayotoka mbali humfanya aondoke hata kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Zaidi ya hayo, shairi la arudhi lina mwendo wake tayari. Mshororo wa mizani 16, yaani silabi 16, ukisomwa kwa utulivu, huchukua takriban sekunde tano, kwa hiyo ubeti wa mishororo minne ni sekunde 20, na beti zako saba, pamoja na vituo vya kupumua, zitafika kati ya dakika mbili na nusu na dakika tatu. Ukishakuwa na sauti hiyo, utajua unahitaji picha kiasi gani. Ukianza na picha, utajikuta unaharakisha usomaji ili ulingane nazo, na shairi litaumia.

Hapa kwetu Dar es Salaam adui wa kwanza wa sauti ni feni, na wa pili ni barabara. Rekodi usiku wa manane au mapema kabla bajaji hazijaanza kazi, zima feni na friji iliyo karibu, funga madirisha, kisha kaa katika chumba chenye godoro, mapazia mazito na nguo nyingi, kwa kuwa vitu hivyo huzuia mwangwi unaotokana na kuta za saruji na dari. Kama hakuna chumba cha namna hiyo, tundika kanga na mablanketi kwenye kamba nyuma yako na mbele yako. Simu iwe umbali wa shubiri moja hivi kutoka kinywani, pembeni kidogo badala ya mbele kabisa, ili herufi kama p na b zisipige kishindo. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola inasaidia sana, nayo inapatikana katika maduka ya vifaa vya simu pale Kariakoo, lakini isiwe sababu ya kuahirisha kazi.

Kabla ya kuanza kusoma, rekodi ukimya wa chumba kwa nusu dakika. Utauhitaji wakati wa kuhariri, kwa sababu pengo lisilo na sauti yoyote kati ya mishororo husikika kama kifaa kimekatika.

Mwalimu wa Fasihi, Ubungo

Ninakubaliana na Fundi Sauti, ila naongeza kwamba mtunzi aamue mapema kama atasoma au ataghani. Kughani huvuta silabi na kunaweza kurefusha shairi hata maradufu, na beti saba zilizoghaniwa huenda zikamchosha msikilizaji mgeni. Ningeshauri asome beti nyingi na kughani kituo tu, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, au ubeti wa kwanza na wa mwisho.

Kuhusu mpango wa picha, kwa heshima zote, sikubaliani nao. Neno «beseni» likitamkwa huku beseni likionekana, mtazamaji anaambiwa jambo moja mara mbili na akili yake inabaki bila kazi. Chukua mishororo yako hiyo miwili. Katika ukwapi wa kwanza, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, «Usiku bado mzito», onyesha mkono ukifungua komeo la mlango taratibu ili usipige kelele. Katika utao, yaani nusu ya pili, «beseni langu kichwani», usionyeshe beseni. Tusikie bati lake likigusa ukuta kidogo, kisha mkono ugande. Hapo mtazamaji ameelewa kwamba ndani kuna mtu asiyetakiwa kuamshwa, hata kabla mtoto hajatajwa. Anapotajwa, onyesha chandarua tu kikitikisika kwa pumzi au kwa upepo, au hata foleni ya abiria wanaosubiri pantoni gizani, kwa maana mama mwenyewe yuko huko ilhali moyo wake uko kitandani. Picha ibebe kile ambacho shairi limekinyamazia.

Jambo la pili ni mahali pa kukatia picha. Watunzi wa arudhi tuna bahati ambayo wenzetu wa mashairi huru hawana, kwa sababu kina cha kati na kina cha mwisho, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa kila nusu ya mshororo, hutuonyesha pa kukatia. Picha ikibadilika pale kina kinapotua, jicho na sikio hukubaliana. Hata hivyo usikate kwenye kila kina, kwa kuwa beti saba zina vipande 56 na video itakuwa na pilikapilika isiyo na sababu. Picha moja kwa kila mishororo miwili, yaani picha 14, inatosha kwa kazi ya kwanza, na kituo cha kila ubeti kinaweza kurudia picha ileile jinsi maneno yenyewe yanavyorudiwa.

Hadithi fupi ni shughuli nyingine, kwani hudai wahusika na mazungumzo. Ziache kwanza.

Mhariri wa Simu

Kwa upande wa vifaa, simu yako inatosha. Programu za kuhariri video kama CapCut, InShot na KineMaster zote hufanya kazi kwenye simu. Chagua moja uizoee badala ya kurukaruka. Amua kabla ya kupiga picha kama video itakuwa ya wima, ambayo ni pikseli 1080 kwa 1920, au ya mlalo, ambayo ni 1920 kwa 1080, kwa maana kubadilisha baadaye hukata vichwa vya watu. Bonyeza kioo cha simu kwa muda ili mwanga ufungwe, vinginevyo picha itapauka na kuwa nyeusi yenyewe kila taa ya gari inapopita. Video ya dakika tatu kwa ubora huo inaweza kufika megabaiti 180, hivyo panga bando lako.

Usisahau maandishi ya shairi chini ya picha. Ukwapi uonekane kwanza, utao ufuate sauti inapoufikia, na yahakikiwe kama yanavyohakikiwa ya kitabu.

Mtunzi wa Tandika

Ninawashukuru sana. Ushauri wa Mwalimu kuhusu komeo na beseni umenifanya nilitazame upya shairi zima, na nimekwisha kuanza kuandika pembeni ya kila ubeti kile ambacho sikukisema. Naomba nisaidiwe mambo mawili yaliyosalia: kupiga picha pale Feri, na muziki, kwani nilikuwa nafikiria kuweka taarabu ya zamani kwa chini.

Dada wa Kigamboni

Kaka, eneo la Magogoni, lilipo soko la Feri, liko karibu na Ikulu na bandari, kwa hiyo usitoe kamera kabla ya kuwauliza wahusika wa kivuko na uongozi wa soko. Bodi ya Filamu Tanzania nayo ndiyo inayoshughulikia vibali vya filamu, na ni vyema kuwauliza mapema. Kuhusu akina mama wachuuzi, usiwapige picha kwa kuvizia. Wengi wao wako kazini, wamechoka, na hawakuomba kuwa sura ya umaskini katika video ya mtu mwingine. Zungumza na mmoja, mweleze shairi, msomee ikiwezekana, na akikataa, mwombe dada au shangazi yako aigize. Mikono, miguu na kanga kwa nyuma vinatosha, hasa kwa kuwa mapambazuko yetu hupita upesi na utakuwa na dakika chache tu za mwanga wa bluu wa alfajiri.

Mdau wa Hakimiliki

Haki ya shairi ni ya mtunzi tangu linapoandikwa, bila kutegemea usajili. Huo ndio msingi wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994. Kinachoweza kubadilisha hali yako ni mkataba uliotia saini na mchapishaji wa diwani. Utafute na usome kama ulimpa ruhusa ya uchapishaji wa kitabu pekee au haki zote. Kama lugha yake haieleweki, mwandikie umwombe idhini, na jibu lake lihifadhi. COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, wanaweza kukuelekeza kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Taarabu ya zamani iache. Wimbo kuwa wa zamani hakumaanishi kwamba uko huru, na rekodi moja ina haki za mtunzi, waimbaji na mtayarishaji. YouTube ina maktaba yake ya muziki unaoruhusiwa kutumika, lakini soma masharti ya kila kipande. Kama unamfahamu mpiga udi au ngoma mtaani kwenu, mwombe akupigie dakika tatu, mlipane, na muandikiane karatasi inayosema umeruhusiwa kutumia rekodi hiyo kwenye video yako.

Fundi Sauti

Na muziki huo ukiupata, uweke mwisho, baada ya sauti na picha kukaa sawa. Ushushe kila unapoanza kusoma, kisha usikilize video yote kwa spika ya simu yenyewe, bila spika za masikioni, kwa kuwa wasikilizaji wako wengi wataisikia hivyo wakiwa kwenye daladala.